Mzee wa Kwenye Boksi

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kifua chako kimepoa. Sisi huku hatujambo. Goti la baba bado linamsumbua, lakini ukimuuliza anasema goti halina neno, ngazi ndizo zimerefuka. Amesema nikuambie kwamba dada yake akiandikia wengine na kumruka yeye, anajua. Mdogo wangu amefaulu mtihani wake wa kwanza na sasa haambiliki.

Mimi nina miezi saba kazini, na bado nikisikia viatu vya mkuu wa kitengo kwenye korido naanza kupanga karatasi ambazo tayari zimepangwa. Tunamwita Bwana Leo-Leo, maana hakuna anachokitaka kesho. Safari hii amenipa jedwali. Ofisi yetu ya madarasa ya awali inakusanya mifano ya jinsi walimu wanavyowawezesha watoto wadogo kusimulia hadithi kwa kuchezea vitu vya kawaida vya nyumbani. Nimewaandikia walimu thelathini. Wamejibu kumi na wanne, na kumi na mmoja kati yao wameandika sentensi moja: "Watoto wanafurahi." Sasa nitapeleka nini juu, shangazi?

Wewe umefundisha watoto wa umri huo tangu mimi mwenyewe nikiwa wa umri huo. Naomba unijazie karatasi niliyoiweka humu. Mwisho wake ni tarehe ishirini na nane. Kama una kazi nyingi, basi, nitaelewa. Lakini ukiweza, tafadhali.

Mwanao,
Bi Taratibu


17 Februari

Bi Taratibu wangu,

Marahaba. Kifua kimepoa, kimeniachia sauti ya baragumu, na watoto wanaipenda kuliko ile ya zamani. Mwambie kaka yangu simruki, namzunguka tu, kwa sababu nikimwandikia hajibu. Mpe pole ya ngazi.

Nimefurahi kuona bado unatumia jina nililokupa. Ulikuwa na miaka minne, ukagoma kula mpaka vijiko vyote mezani vielekee upande mmoja. Nikasema, huyu atakuwa karani au atakuwa mgonjwa. Tumshukuru Mungu.

Karatasi ya ofisi nimeijaza, mistari mitatu, inatosha. Haya yanayofuata ni yako wewe, ya kusoma na chai.

Unauliza nafanyaje. Sifanyi kitu, mwanangu, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nina kapu. Ndani mna vifuniko vya chupa, vibanio vya nguo, vijiko vilivyopinda, vifungo, vipande vya kitambaa, maboksi ya viatu. Nalimwaga mkekani, nakaa chini, nanyamaza. Walimu vijana wakija kunitembelea huuliza, "Hii ni nini? Ina rangi gani? Ziko ngapi?" Mtoto akisikia hivyo anajua ni mtihani, anafunga duka. Mimi nina neno moja tu: "Halafu?" Nikishalisema nangoja, hata mguu ufe ganzi. Na siulizi kamwe kama ni kweli. Tukimaliza tunakunja mkeka na kusema wote pamoja, "Ya mkekani yamelala mkekani." Baada ya hapo hata mimi sina ruhusa ya kuyachokoza.

Leo nayachokoza kidogo, kwa ajili yako. Kuna binti wa fundi cherehani, ana miaka mitano, mwembamba, wenzake wanamwita Sindano. Mwezi mzima amekuwa akipanga vifungo bila kusema lolote. Juzi akachukua boksi, akalaza kijiko ndani, akafunika. "Huyu ni mzee. Anakaa kwenye boksi."

Halafu?

"Anagonga. Ko, ko, ko." Akachukua kibanio. "Huyu ni baba. Anasema, nyamaza, wateja wapo."

Halafu?

"Mzee anasema, nifungulieni niende nyumbani. Baba anasema, nyumbani ndiyo hapa. Mzee anasema, hapa ni boksi."

Jirani yake, mvulana wa miaka sita anayejiita Dereva, akamwambia, "Mzee gani huyo, hana macho." Sindano akamjibu bila kugeuka, "Anayo. Yanaangalia chini."

Halafu?

"Halafu mimi napitisha biskuti kwenye tundu."

Mwezi mzima kimya, kisha yote hayo kwa pumzi moja. Nilitaka kupiga makofi. Nikaikalia mikono yangu.

Shangazi yako


3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba anashukuru kwa pole na anasema ataandika wiki ijayo, kwa hiyo usingoje. Mdogo wangu amepata rafiki mwenye baiskeli na hatumwoni tena nyumbani. Mimi sijambo.

Barua yako niliisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimesimama. Jedwali limekwenda. Karatasi yako ya ofisi ilikuwa fupi mno na safu nyingi zilibaki wazi, kwa hiyo niliiongezea kidogo hapa na pale. Bwana Leo-Leo alisimama mlangoni akaisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima, hata ile ko, ko, ko. Kisha akasema, "Hatimaye nimempata karani anayejaza safu zote." Watu wote wakageuka kunitazama. Nilishika ukingo wa meza, shangazi, kama mtu aliye kwenye mashua.

Amesema jedwali ni zuri, nakala zipelekwe pia kwa wenzetu wa ghorofa ya chini wanaoshughulikia watoto na familia. Nimezipeleka mwenyewe, nikapata saini ya kupokelewa.

Nimeona nikushukuru mapema.

Mwanao,
Bi Taratibu


11 Aprili

Mwanangu,

Salamu kwa wote. Goti la kaka likoje? Mimi sijambo, ila nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Wiki tatu zilizopita watu wawili walikuja kwenye duka la fundi, mwanamke na mwanamume, wana karatasi. Duka lilikuwa na wateja. Wakauliza, yuko wapi mzee wa kwenye boksi. Fundi akadhani wamekosea nyumba. Wakamsomea. Maneno ya Sindano, neno kwa neno. Wakaenda nyuma, wakakuta chumba kimefungwa kwa nje, na baba yake fundi yumo ndani.

Yule mzee amepoteza kumbukumbu. Mwaka jana alitoka peke yake akapatikana baada ya siku mbili kwenye mtaro, mguu mmoja hauna kiatu. Tangu hapo fundi anamfungia saa za kazi, na kila baada ya nguo mbili tatu anaacha cherehani anakwenda kumwona. Aliwaeleza. Wakasema huenda, lakini mlango umefungwa kwa nje na kuna maelezo ya mtoto. Wamempeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa uchunguzi. Mtaa mzima ulikuwa barabarani. Sindano alikuwa ameshika cherehani ya baba yake.

Bado anakuja darasani. Hasemi mkekani.

Fundi alikuja kwangu. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Alisema, "Mwalimu, mwanangu nilimleta kwako acheze." Hadithi ile tuliisikia mimi, watoto, na yule mama anayetufagilia, ambaye siku ile alikuwa anafuta madirisha. Watoto hawaandiki. Nimemwambia yule mama apumzike nyumbani kwanza, mpaka nielewe.

Wewe uko karibu na ofisi hizo. Unaweza kujua karatasi ile ilitoka wapi?

Shangazi yako


29 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimesikitika sana kwa habari hizo. Goti la baba lina nafuu, ametembea mpaka dukani na kurudi. Mdogo wangu ameanguka na ile baiskeli ya rafiki yake, amechubuka kidevu, lakini daktari amesema hakuna mfupa uliovunjika, ni kushona tu, nyuzi nne. Mvua huku zimekuwa nyingi. Paa la jikoni lilivuja upande wa dirisha, baba akaweka ndoo, kisha fundi wa paa akaja akasema bati moja limetoboka. Nimepata kiti kipya ofisini, cha zamani kilikuwa kinayumba.

Kuhusu ile karatasi, ofisi ni nyingi na karatasi ni nyingi, na kila moja hupita kwa watu kadhaa. Nitauliza.

Naomba usijisumbue sana, kifua chako kisije kikarudi. Na yule mama wa kufagia, labda angerudishwa tu kazini? Nadhani hakusema kitu. Anaonekana mtu mwema, kwa ulivyomweleza.

Mwanao,
Bi Taratibu


20 Mei

Mwanangu,

Hatujambo. Nimefurahi kwamba bati limepatikana.

Yule mama alikuja kurudisha ufunguo wa darasa. Hakuingia, aliupitisha dirishani. Alisema, "Miaka kumi na moja nimefagia maneno ya watoto hapa, mwalimu, sijabeba hata moja."

Uliniuliza nafanyaje na watoto, sasa nitakuambia Sindano anafanyaje. Anachukua maboksi yote na kuyageuza, mdomo chini, ili kitu kisiingie. Vijiko anavirudisha kapuni. Mwenzake akianza hadithi, anaziba masikio. Jumatatu nilikaa karibu naye, nikangoja kama kawaida yangu. Baada ya muda mrefu akaja sikioni kwangu. Akaninong'oneza, "Mwalimu, mimi nikisema, mtu anachukuliwa."

Ana miaka mitano. Anaweza kwenda nayo hiyo mpaka uzee.

Ulisema utauliza.

Shangazi yako


2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina salamu za mtu mwingine. Baba hajui ninaandika.

Ni mimi. Sikuuliza popote kwa sababu hapakuwa na pa kuuliza.

Karatasi yako ya mistari mitatu ilikuwa mbele yangu, na barua yako ilikuwa kando. Ilikuwa tarehe ishirini na saba. Safu ya "Hadithi ya mtoto" ilikuwa tupu, nikainakili kutoka kwenye barua. Nilijua ni yangu peke yangu, uliandika wazi. Nilijiambia hadithi haina mwenyewe. Hapo ningeweza kuacha. Lakini zilikuwepo safu nyingine tatu: jina la darasa, umri wa mtoto, kazi ya mzazi. Walimu wengine waliziacha wazi na hakuna aliyewauliza. Mimi siwezi kuona nafasi tupu, shangazi, unanijua. Nikaandika darasa lako. Nikaandika miaka mitano. Nikaandika fundi cherehani. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri. Mafundi cherehani wenye binti wa miaka mitano darasani kwako wako wangapi? Nilijaza kila kitu isipokuwa namba ya nyumba, na hiyo ni kwa sababu haikuwa na safu.

Na nilipokuandikia tarehe ishirini na tisa Aprili nilijua. Niliandika habari za bati.

Sasa nimefanya haya. Nimekwenda kwa Bwana Leo-Leo nikamwambia maelezo yale niliyatoa kwenye barua ya nyumbani, na ulikuwa mchezo. "Kwa hiyo uliyoyajaza hayakuwa ripoti?" Nikasema hapana. "Na ulipata wapi ruhusa?" Nikasema sikupata. Nimepewa barua ya onyo, na nimehamishiwa chumba cha mafaili ya zamani. Nakuambia ili ujue tu, sitafuti pole.

Kisha nikashuka ghorofa ya chini. Nilipanga kuandika kwamba mtoto alibuni. Yule mwanamke aliyekuja huko kwenu alinisikiliza, akasema, "Dada, mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Hadithi haikudanganya." Nikamwambia kuhusu mtaro na kiatu. Akasema fundi alisema hivyo hivyo, lakini hakuna aliyeandika. Nimeandika. Kurasa mbili, nimesaini, yeye ameziweka kwenye faili. Amesema watatazama upya. Hakuahidi.

Nimeandika pia barua kwa yule mama wa kufagia, imo humu, haijafungwa ili uisome kwanza. Kama ni mbaya, nirudishie niiandike tena.

Sijui niseme nini kuhusu Sindano.

Mwanao


14 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako wiki sita. Baadhi ya wiki hizo nilikuwa nimekukasirikia, si zote.

Nilijua kabla hujasema. Siku ile fundi aliponitajia biskuti na tundu nilijua, maana Sindano alipofika kwenye biskuti watoto walikuwa wanapiga kelele na yule mama alikuwa nje ya dirisha. Aliyesikia mpaka biskuti ni mimi tu. Na niliyemwandikia biskuti ni wewe. Lakini nilimwambia yule mama apumzike nyumbani, kwa sababu kama ni yeye, basi si wewe. Na kama si wewe, basi si mimi. Nilimwacha mama wa watu abebe mzigo wetu sisi wawili, na huku nakuandikia, "Ulisema utauliza." Nakungoja useme mwenyewe, kama mwalimu mwenye busara. Subira gani hiyo? Ilikuwa uoga wenye miwani.

Liko na la pili, na hili ndilo linaloniamsha. Mtoto aliniambia kuna mzee anagonga na anataka kutoka. Mimi nikafurahi kwamba amesema. Nilisikia hadithi nzuri. Sikwenda hata siku moja kumsalimu fundi na kumuuliza, habari za nyumbani, mzazi wako anaendeleaje. Ni hatua mia mbili. Ningeenda kama jirani, wasingekuja wale na karatasi.

Barua yako kwa yule mama nimempelekea kwa miguu yangu, pamoja na maneno yangu. Ameisoma mpaka mwisho. Amesema atafikiri.

Sasa njoo. Omba ruhusa, njoo. Fundi nimeshazungumza naye, hakukataa, na kutoka kwake hilo ni jambo kubwa. Sitaki hotuba ya kuomba radhi, mtoto wa miaka mitano hajui utaratibu wa ofisi. Anachojua ni kwamba alisema, na babu akaondoka. Anatakiwa aonyeshwe mkono uliofanya. Chukua vitu vyako vya mezani, vyovyote. Utavimwaga mkekani kama watoto wengine, na utasimulia.

Najua unaogopa. Ogopa ukiwa kwenye basi.

Shangazi yako


6 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nilifika salama. Nilimwambia baba umekonda, akauliza kwa nini, nikamwambia aandike akuulize.

Samahani kwamba niliondoka bila kuaga vizuri. Najua ulitoka nje kwa makusudi uliposema unakwenda kufungua lango, hakuna lango linalofunguliwa kwa nusu saa. Kwa hiyo hujui kilichotokea, na nafikiri unapaswa kujua.

Nilimwaga vitu: muhuri, kifutio, klipu, chupa ya gundi, kile chuma cha kung'olea pini. Nikasema, "Huyu muhuri ni mimi."

Dereva akasema, "Wewe mkubwa."

Nikasema, "Siku hiyo nilikuwa mdogo." Wakacheka. Nikasema muhuri alikaa kwenye meza kubwa na aliogopa karatasi nyeupe. Siku moja akaletewa hadithi ya mtu mwingine, aitazame tu. Akaibeba. Akaibandika kwenye karatasi nyeupe, apendwe.

Hapo nilikwama. Sindano alikuwa pembeni, amenipa mgongo, boksi limegeuzwa mbele yake. Dereva akaniambia kwa sauti ya mtu mzima, "Halafu? Usiogope, hatupigi."

Nikasema, "Halafu watu wakaisoma, wakaja wakamchukua mzee. Nani aliwaita? Mtoto mwenye hadithi? Hapana. Mtoto alisimulia tu. Aliyewaita ni huyu." Nikauweka muhuri katikati ya mkeka peke yake, nikaondoa mkono.

Sindano akageuka. Akauchukua. Akauangalia chini, kwenye wino, akaugonga kwenye kiganja chake mara moja, polepole. Akasoma ile alama kana kwamba anajua kusoma. Kisha akainuka akaenda bombani, akanawa, akanawa tena. Hakurudi kwenye mkeka. Nikakusanya vitu vyangu nikatoka.

Nilipokuwa kwenye basi nilifikiri labda nimeongeza kosa juu ya kosa. Tafadhali niambie. Amesema chochote tangu siku hiyo? Na kama amesema, mimi nimo? Na mzee je?

Mwanao


30 Agosti

Bi Taratibu,

Marahaba. Kaka yangu ameandika. Mistari minne, mitatu ni ya goti, lakini ameandika, na mimi nimemjibu kurasa tano ili ajute.

Habari za mzee: yule mwanamke wa ofisini kwenu amerudi hapa, safari hii bila mwenzake, akakaa dukani kwa fundi mpaka mchana akitazama tu. Ameweka tarehe ya kumrudisha, kisha ikaahirishwa, kisha ikawekwa nyingine. Hajarudi. Fundi ameng'oa komeo la nje na ameweka kengele mlangoni. Jumamosi wanakwenda kumtembelea, na yeye anawauliza ninyi ni akina nani, ila biskuti anapokea. Mimi napita pale kila jioni nikitoka kazini, nawasalimu. Nilipaswa kuanza zamani.

Yule mama wa kufagia amerudi kazini. Anafagia vizuri kama zamani. Chai hanywi nasi tena, anakunywa yake nje kwenye ngazi. Usinitumie barua nyingine ya kumpa, ataamua mwenyewe.

Na Sindano amesema.

Ilikuwa Jumanne, wiki mbili baada ya wewe kuondoka. Hakuna aliyemwomba. Alibinua boksi, mdomo juu, akalitazama ndani kwanza, kama mtu anayeangalia kisima. Kisha akaanza kuchagua vitu. Alichagua vingi, mpaka wenzake wakalalamika hawana vya kuchezea. Alisimulia mpaka Dereva akalala. Alisimulia mpaka wazazi wakaanza kugonga lango, na mimi nikawaonyesha kwa mkono wangoje. Mguu wangu ulikufa ganzi wote mpaka kiunoni.

Umeniuliza kama wewe umo. Umeniuliza vizuri, na mara mbili, na najua umekaa hapo na barua hii ukitafuta aya inayofuata. Najua pia ningeweza kukuandikia yote sasa hivi, maana nayakumbuka neno kwa neno, na kalamu ninayo, na karatasi imebaki nusu.

Nusu hiyo inabaki hivyo hivyo, tupu.

Shangazi yako